Asubuhi Tulipoalikwa Kuua Mdudu

Desemba iliyopita nilifika nyumbani Gatitu nikakuta ua wa kayaba umeng'olewa. Mahali pake pamesimama ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta kuna nyumba ya kupangisha ya ghorofa tatu, nguo za watoto zikining'inia katika kila kibaraza. Mama yangu alikuwa akikanda unga wa chapati. Akanielekeza kwa kidole cheupe.

"Hiyo ndiyo ilikuwa ploti ya Mama Msumbiji," akasema. "Ama ulimsahau?"

Nimsahau vipi? Rafiki yangu, keti nikusimulie. Mimi ni msichana wa Nyeri, nimelelewa kwa nduma na chai ya maziwa mengi, na hadi leo nikishtuka usingizini huenda nikatamka neno la Kireno kabla ya Kikuyu. Chanzo chake ni mama huyo.

Alihamia karibu nasi nilipokuwa darasa la nne. Mumewe alikuwa mwana wa Gatitu, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyeshuka kusini kutafuta kazi akakaa huko mpaka watu wakaacha kumtaja. Siku moja akarudi na mke kutoka Beira, mji wa bandari kule Msumbiji. Alikaa wiki mbili, akatengeneza paa, akaondoka tena na lori. Mke akabaki katika baridi ya Julai akiwa na masanduku matatu na lugha ambayo hakuna mtu kuanzia kwetu hadi Othaya aliyeijua.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kabla ya shule. Ukungu ulikuwa mzito, na sauti ikatoka upande wa pili wa kayaba: "Bom dia, menina!"

Nikajibu kwa adabu, "Mimi si Menina."

Kesho yake tena: "Bom dia, menina!" Nikamwambia tena mimi siye. Siku ya tatu nikachoka kukataa, nikasema, "Bom dia." Akapiga makofi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba menina ni msichana tu, na kwamba alikuwa ameshinda siku tatu bila mtu kumjibu.

Tangu siku hiyo nikitoka shuleni nilipita kwanza kwake. Nilimwita tia, yaani shangazi, kama alivyonifundisha. Mimi nilimpa Kiswahili, yeye akanipa Kireno, na tulikuwa tukioka mkate. Mumewe alikuwa amemkatia pipa, akalipaka udongo, likawa tanuri. Makaa chini, makaa juu, na katikati mikate midogo ya duara aliyoiita pão. Harufu yake ilivuka ua ikaingia jikoni kwetu, na nyanya yangu, ambaye sote tulimwita cucu, alikuwa akiacha kumenya viazi na kufumba macho. Kisha alikuwa akinituma na sahani ya nduma, nami nikirudi na mikate miwili moto ndani ya kitambaa.

Kulikuwa na maneno yaliyotushangaza sote wawili. Nilipomwonyesha meza nikasema "meza", akacheka, akasema "mesa". Bendera kwake ilikuwa bandeira. Leso aliyojifunga kichwani ilikuwa lenço. Tulizunguka nyumba tukigusa vitu kama watu wanaotafuta ndugu waliopotea. Lakini siku aliyoniomba pera nilimletea kofia nzima ya mapera tuliyochuma kando ya mto, akayatazama, akanusa moja, akasikitika. Kumbe alitaka lile tunda tunaloliita peasi. Tukayala mapera hivyo hivyo, na mbegu zikatusumbua menoni hadi jioni.

Ulimi wangu ulimpa kazi. Maziwa ni leite, na mimi nilisema "reite". Alinishika mashavu akasema, "Le, le, le." Nikasema, "Re, re, re." Nyumbani nilileta neno maningue, ambalo watu wa kwao hulitumia kusema sana au nyingi, na haikupita wiki cucu mwenyewe akawa anasema chai hii ni maningue tamu.

Taabu iliingia kwa neno moja. Mwalimu wetu alinitaka niambie darasa neno la Kireno ninalolipenda. Nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba basi huitwa machimbombo. Darasa likaanguka. Mwalimu alipiga meza kwa rula, naye pia akicheka. Mtoto wa mama aliyekuwa akiuza maziwa pale kwenye kituo cha basi alilipeleka neno nyumbani, na mama yake akalipeleka kwingine pamoja na maziwa.

"Machimbombo! Hiyo ni lugha kweli?" aliwaambia wanawake pale kwa mashine ya kusaga. "Huyo mama anatubeba ujinga. Ati Kireno. Hata mimi naweza kaa chini nitunge yangu."

Basi tia akipita wakamwambia, "Machimbombo!" Naye alitabasamu na kuwapungia mkono, akidhani ni salamu. Alipokuja kuelewa, aliacha kwenda sokoni. Siku moja tukikanda unga aliniambia kwa Kiswahili chake, bila kuinua macho: "Mimi nachoka, menina. Watu nacheka mimi. Mume yangu na lori narudi, mimi nakwenda Beira." Niliona masanduku mawili yameshatolewa chini ya kitanda. Sikumwambia mtu. Nililia nikikamua ng'ombe, na mama akadhani nimepigwa teke.

Wiki iyo hiyo pasta akatangaza kanisani kwamba wageni kumi na wawili wanakuja kutusaidia kupaka rangi darasa la chekechea, na kwamba wanatoka Brazil, ambako watu husema Kireno. Mwalimu wangu akasimama. "Mkalimani tuko naye hapa hapa," akasema. Watu wote wakageuka kumtazama tia, na mimi niliyekaa kando yake nikajiona nimekuwa mrefu.

Siku ya wageni tia alivaa gauni la manjano ambalo hatukuwa tumewahi kuliona. Mpango ulikuwa hivi: mgeni aseme Kireno, tia anieleze polepole, nami niwaeleze watu kwa Kiswahili. Nilivaa sweta ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa haina tundu.

Kiongozi wao, kijana mrefu mwenye miwani, akasimama na kusalimu: "Bon jia!" Kisha akaendelea, haraka, akiimba na kuvuta maneno, kila mahali "chi" na "ji", kama maji yanayomwagika kwenye ngazi. Akamaliza, akatutazama. Nilimwangalia tia, akaniangalia. Nilikuwa nimejifunza Kireno karibu mwaka mzima, na sikushika hata neno moja.

Kutoka benchi la tatu mama wa maziwa akasema, si kwa sauti ya chini, "Si niliwaambia?"

Vicheko vikaanza. Halafu tia akafanya jambo la ujasiri: akaacha hotuba ya kijana, akasema yake mwenyewe, taratibu, mkono kifuani. Aliwakaribisha, akawaalika kwake kesho asubuhi kwa mata-bicho. Akanigusa bega nitafsiri.

Sasa, rafiki yangu, elewa shida yangu. Neno hilo nilikuwa sijalisikia zima, lakini vipande vyake nilivijua. Bicho ni mdudu. Tuliwatoa kwenye maharagwe kila Jumamosi. Mata ni kuua. Ndivyo alivyopiga kelele akimwona buibui. Nikasimama wima, nikatangaza:

"Anasema kesho asubuhi mje kwake mkaue mdudu."

Kanisa lilicheka hadi watoto wa nje wakaja kuchungulia madirishani. Lakini kijana wa miwani hakucheka. Uso wake ulikuwa umekuwa mgumu. Alimtazama pasta, akamtazama tia, akatikisa mikono yote miwili. "Não, não, obrigado. Não bebemos."

Hayo niliyaelewa, na tia pia. Hapana, asante, hatunywi. Mwaliko wake wa kwanza tangu afike nchi hii, na mgeni amekataa mbele ya watu wote. Kwetu ukikataa chai ya mtu umemkataa mwenyewe. Tia akainamisha kichwa, akaanza kuufuata ukuta kuelekea mlangoni, na mimi nilijua kwamba akiupita mlango ule hatasimama tena hadi Beira.

Nikapiga kelele, kwa maneno yote niliyokuwa na uhakika nayo: "Chá! Chá com pão!"

Mama mmoja mzee katika wageni, mnene, mwenye mvi, akainuka. "Chá?" akauliza. "Pão?"

Tia akageuka. "Chá," akasema. "Pão. Leite."

"Leichi?"

"Leite."

"Leichi!" Mama yule akaanza kucheka, akaja kwa tia katikati ya mabenchi mikono imefunguliwa. Wakashikana. Wakazungumza, mara hii polepole, kila mmoja akimngoja mwenzake kama watu wanaovuka mto kwa mawe. Kisha tia akanieleza, nami nikaeleza kanisa. Kwa tia, mata-bicho ni chai ya asubuhi, kifungua kinywa tu. Kule Brazil neno ni lile lile, ila wazee wao waliliita hivyo tone la pombe kali la kuamkia. Kijana wa watu alidhani ameitwa kunywa pombe na pasta akisikia!

Pasta ndiye aliyecheka kupita wote, hadi akavua miwani. Cucu akasimama kwa fimbo yake.

"Ngoja nielewe," akasema. "Kwa wageni ni pombe, kwa huyu mama ni chai, na kwa mjukuu wangu ni mdudu. Na ni lugha moja?"

"Ni moja, cucu."

Akamgeukia mama wa maziwa. "Mimi nilipoolewa hapa kutoka Kutus, mama yako alicheka Kikuyu changu mpaka nikaogopa kwenda mtoni. Ati nasema kama watu wa Kirinyaga. Si ndiko nimetoka? Ningesema kama watu wa wapi?" Akaketi.

Kesho yake nyua zote zilinukia pão. Tulikuwa tumewasha tanuri mara nne kabla jua halijatoka nyuma ya mlima, mimi na tia na cucu. Wageni walikuja wote, kijana wa miwani akiwa wa kwanza kuomba radhi na wa kwanza kuomba mkate wa pili. Halafu nikamwona mama wa maziwa akiingia langoni na debe lake. Aliliweka mezani, akasimama akifuta mikono kwenye aproni.

"Hii mnaiita nini?" akauliza.

"Leite," tia akasema.

"Reite," akasema mama wa maziwa.

Mimi nilingoja ashikwe mashavu. Tia alimmiminia chai tu.

Kwa wiki mbili asubuhi zilikuwa hivyo. Mwalimu alinipa ruhusa nichelewe, na nilikaa kati ya tia na yule mama mzee wa Brazil nikisikiliza wakibadilishana maneno. Treni kwa mmoja ni comboio, kwa mwingine trem. Friji, geleira na geladeira. Basi kwa Wabrazil ni ônibus, na mama mzee alipolisikia machimbombo alishika tumbo, akaomba aandikiwe. Siku ya kuondoka wageni wote walilipanda basi lao wakipaza sauti, "Machimbombo! Machimbombo!", na wanawake wa Gatitu wakawajibu kutoka barabarani, na tia katikati yao akipunga leso. Masanduku yalikuwa yamerudi chini ya kitanda.

Alikaa nasi miaka mingine minne. Yeye na mumewe walihamia Beira nilipokuwa kidato cha kwanza, mama yake alipougua na mumewe akapata kazi ya bandarini huko. Barua zilikuja mbili, kisha zikakoma. Tanuri alimwachia cucu, na cucu, ambaye hakuwahi kuumudu moto wake, aliwapa kuku watagie humo. Sasa cucu hayupo, kuku hawapo, na mama wa maziwa anauza kadi za simu pale pale kituoni. Watoto wa ghorofa ile hawajui kwamba chini ya ngazi yao watu waliwahi kubishana kuhusu neno la maziwa hadi chai ikapoa.

Mimi nafanya kazi mapokezi ya hoteli huko Nanyuki. Mwezi jana aliingia mzee kutoka Lisbon, amejikunyata kwa baridi, akinung'unika peke yake kwa Kireno cha kumeza maneno nusu. Nikamwambia, "Bom dia. Mata-bicho iko tayari, kuna chai na maziwa ya moto," yote kwa Kireno. Akasimama. Akanitaka niseme tena. Nikasema tena, na maziwa yakanitoka "reite", kama kawaida.

"Hapa nasikia Msumbiji," akasema, akihesabu kwa vidole. "Nasikia Brazil kidogo. Na kuna kitu kingine sikijui. Hiki Kireno husemwa wapi?"

"Gatitu," nikamwambia.

Akatoa simu, akavaa miwani, akaniomba nimtajie herufi za jina hilo. Nikamtajia moja moja, nikimngoja aandike.