Neno Kwenye Faili la Dobi

Dobi wa hospitali hakukaa darasani hata siku moja, lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna shuka la wodi ya watoto lililopotelea kwenye wodi ya wazazi. Alishona uzi kwenye kila pindo: mwekundu wa wazazi, kijani wa watoto, mweusi wa upasuaji.

Akaja msimamizi mpya, shati limenyooka kama kadi. Akaziita nyuzi zile takataka, akaamuru zikatwe zote, kisha akapanga toroli za nguo mwenyewe. Kesho yake magauni ya upasuaji yakafika kwa watoto, daktari wa upasuaji akabaki amesimama mikono juu, hana la kuvaa. Lawama zikatafutiwa mnyonge. Kwenye faili la dobi msimamizi akaandika neno moja tu la Kiingereza, confused, akamwambia barua ya kuachishwa kazi inakuja.

Karani alimnakilia neno hilo kwenye kipande cha boksi. Jioni dobi akampa binti wa kaka yake alisome.

“Ni mtu aliyechanganyikiwa, shangazi. Hajui hili wala lile.”

“Huambiwa nani?”

“Aliyepotea njia. Mzee anayesahau jina la mwanawe. Mgonjwa anayezinduka kwenye nusu kaputi.”

“Alaa! Mimi na wa nusu kaputi tumekuwa mapacha?”

Binti akacheka. Shangazi mtu hakucheka. “Na aliyevuruga kazi ya mwenzake, naye huambiwa hivyo?”

“Hapana, shangazi. Huyo ana maneno yake mengine.”

“Basi hili limekosea mlango.”

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa metroni, mkuu wa wauguzi, barua ikiwa mezani kwake, bado haina saini.

“Metroni, nimwagie mashuka yaliyokatwa nyuzi, niyatenge kila wodi na yake. Nikikosea moja, naondoka kwa miguu yangu.”

Yakamwagwa arobaini. “Haya, mama maajabu, tuone,” msimamizi, aliyekuwa ameitwa aje ashuhudie, akamkejeli.

Dobi akainamia rundo. Ya wazazi yalikuwa membamba kwa kuchemshwa na dawa. Ya upasuaji yana umanjano usiotoka. Ya watoto yana viraka alivyovitia kwa mkono wake. Yalimpita vidoleni chapuchapu, hili huku, lile kule. Metroni akavaa miwani, akakagua mihuri ya wodi iliyofifia kwenye pembe, moja baada ya nyingine. Hakuna lililokwenda kombo.

“Yaishe, mama,” msimamizi akanong’ona. “Nitalifuta lile neno.”

“Yaishe kwako wewe! Usifute. Chini yake andika kwamba nyuzi ulizikata wewe, na toroli ulizipanga wewe. Kwa Kiswahili, nisikie mwenyewe yakisomwa.”

Akaandika, jasho likimtiririka. Metroni akaichana barua, kisha akasoma kwa sauti yale maandishi. Madobi wengine walikuwa wamezima mashine, wamejaa mlangoni.

“Rudia, metroni,” dobi akasema, ameshika kiuno. “Na usiharakishe. Miaka kumi na tisa si mchezo.”