Kilio Migombani

Treni ilinitoa Dodoma, ikanibadilishia Tabora, ikanimwaga Mwanza nikiwa na vumbi hadi kwenye meno. Kutoka hapo ilikuwa meli usiku kucha, na mimi niliyezaliwa nchi kavu nililikumbatia sanduku langu kana kwamba lingeweza kuelea. Bukoba niliiona asubuhi, kijani mno kwa macho yangu, mvua ikinyesha. Nikapanda lori la kahawa hadi Izigo, upande wa Muleba, ambako mfanyabiashara mmoja wa kahawa alihitaji karani wa mizani. Ilikuwa enzi ya Mwingereza na nilikuwa kijana. Sasa nimepita arobaini, nimehama miji mingi, lakini hofu ya Izigo bado naijua kwa ladha yake.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mlutheri, mwenye kibanja cha migomba na kahawa. Mwanawe wa pekee alikuwa Kampala kwa kazi, na habari zake zililetwa na madereva wa malori, yaani zilipitia kwenye mizani yangu. Kila jioni mama aliniuliza, "Kuna neno, mwanangu?" Nikijibu hakuna, alipakua ebitoke, ndizi zao za kupika, tukala.

Nilichomficha ni kwamba kila Jumamosi, niliposema naenda Bukoba kutafuta sabuni, nilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa mjini najifunza kuigiza. Kwa watu wa kanisa lake, anayejifanya mtu mwingine alihesabiwa mwongo. Tulikuwa makarani na walimu wachache, na mchezo wetu ulihusu baba anayefiwa na mwanawe. Nilipewa huyo baba. Sikuwahi kupanda jukwaani. Sauti iligoma.

"Unalia kama mtu aliyesahau mwavuli," alisema mwalimu aliyetuongoza. Wenzangu wakacheka. "Nenda kalie peke yako mpaka koo lifunguke. Ukishindwa, Jumamosi ijayo nafasi nampa karani wa posta."

Niliitaka nafasi ile kuliko kazi yangu. Basi jioni moja wiki hiyo nilijipenyeza katikati ya migomba, nikafumba macho, nikaita, "Mwanangu! Mwanangu wee!" Nikaita tena na tena, mpaka koo likafunguka. Sauti iliyotoka ilinitisha mimi mwenyewe.

Nilisahau kwamba migombani huoni watu, lakini watu wapo. Kwanza majembe yalinyamaza. Kisha mwanamke wa kibanja cha jirani akaipokea sauti yangu, na mwingine wa bondeni akaipokea yake. Kule kilio kikisikika hakuna anayeuliza kwanza. Mtu huacha jembe, akaja. Walinikuta nimesimama, mashavu yamelowa.

"Nani?" aliuliza mzee mmoja, jirani yetu.

Nyuma yao nikamwona mama mwenye nyumba. Alinitazama mimi, karani wa mizani, mpokeaji wa habari za Kampala, kisha akaketi chini taratibu, palepale kwenye majani makavu.

"Hajafa mtu," nikasema. "Mama, hajafa mtu. Nilikuwa najifunza mchezo."

"Mchezo gani wa kuita msiba?" mzee alisema. "Kwenu watu hulia kwa hamu tu?"

Mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Baadaye, jikoni, mama alisema bila kupandisha sauti: "Umemlilia mwanangu akiwa hai. Usilie tena mpaka nimwone kwa macho."

Nikakubali. Karani wa posta akachukua nafasi yangu. Iliniuma, lakini si hilo lililoninyima usingizi. Kila lori liliposimama mbele ya mizani, niliuogopa uso wa dereva kabla hajafungua kinywa. Mimi niliyesoma sekondari nilianza kuamini kwamba kilio changu kilikuwa njiani, kinamtafuta mwenyewe. Mama naye aliacha kuniuliza kama kuna neno.

Mwana alirudi mvua zilipokaribia kwisha, amenenepa, anasukuma baiskeli.

"Nasikia ulinizika," aliniambia. "Angalau ulilia vizuri?"

"Waulize majirani."

"Wanasema vizuri mno."

Mama akanifungulia: nilie nipendapo. Lakini kikundi kilikuwa kimeshatawanyika, na kila nilipojaribu peke yangu, nilijikuta nasubiri majembe yanyamaze. Nikaacha kazi, nikaamua kujaribu bahati Mwanza.

Asubuhi niliyoondoka moja kwa moja, mama alinisindikiza hadi barabarani.

"Mwanza kuna michezo hiyo?"

"Nasikia ipo, mama."

"Utalia?"

"Wakinipa nafasi."

"Haya, lia. Ila waambie watu kwanza."

Dereva wa lori akapiga honi. Nikapanda juu ya magunia.