Kitone cha Kijani Kando ya Jina

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katibu muhtasi wa kampuni ndogo ya kutafuta dhahabu, ofisi ikiwa Ngokolo, Shinyanga. Kambi yetu ilikuwa mbele ya Katoro, na meneja aliishi huko. Tuliandikiana barua pepe kupitia dishi lililofungwa juu ya paa. Kisha akaja fundi kutoka Dar es Salaam, akaunganisha vitu vitatu kwenye programu moja: barua, orodha ya anwani, na ujumbe wa papo kwa papo. Sasa kando ya kila jina kulikuwa na kitone. Kikiwa kijani, mwenye jina yupo mezani, ndivyo tulivyoelewa. Mimi sikukipenda tangu siku ya kwanza. Mtu mzima kuchungwa kama mbuzi!

Meneja alikuwa na umri wa baba yangu, kwa hiyo kila asubuhi kitone chake kilipowaka nilimwandikia shikamoo kabla ya jambo lolote. Wiki ya kwanza aliitika. Wiki ya pili akanyamaza. Namwona yupo, na shikamoo yangu haipokei. Kwetu mkubwa akikunyima marahaba, ujue ana neno na wewe.

Na neno lenyewe nililijua. Majibu ya sampuli za miamba kutoka maabara yalipitia kwangu, na wachimbaji wadogo walikuwa wameanza kuchimba palepale tulipopanga kuchoronga miamba kwa mashine. Kuna mtu alikuwa anauza siri. Kazi yangu ilikuwa inaning'inia, nami nikaanza kumtazama kila mtu kwa jicho baya: mfagizi, dereva, hata mwenye duka wa jirani aliyekuja kuomba kiberiti tu.

Alhamisi meneja akaja mwenyewe, bila taarifa.

“Jumapili ulikuwa wapi, binti?”

“Kanisani, Baba.”

“Jina lako lilikuwa kijani kutwa nzima. Tangu hapo shikamoo ikija najiuliza, huyu ni nani? Nitamwitikiaje nisiyemjua?” Akanitazama. “Nani mwingine ana ufunguo wa ofisi?”

Alikuwa mmoja tu: mlinzi, mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi ile. Niliogopa, na ninasema kwa aibu, niliona bora yeye kuliko mimi. Nikamtaja. Mchana uleule alirudisha koti la kampuni na kupanda basi la kwao Masumbwe. Hakuniuliza lolote. Nami nikajiambia kwamba asiye na hatia angeuliza.

Kesho yake asubuhi yule fundi alikuja kukagua mitambo. Meneja alikuwa kando yangu anakunywa chai. Nilipowasha kioo cha kompyuta, jina lake lilikuwa kijani.

“Baba, wewe si uko hapa?” nikasema. “Kule kambini kuna nani?”

Meneja akaweka kikombe chini. Fundi alicheka.

“Hakuna mtu. Mzee ameondoka bila kuzima kompyuta. Kitone kinaonyesha mashine inawaka, hakijui nani kakaa mbele yake. Na wewe dada, jioni ukiondoka huwa unazimaje?”

Nilinyoosha kidole, nikabonyeza kitufe cha kioo kama nilivyofanya kila siku. Kioo kikawa cheusi. Chini ya meza, lile boksi la kompyuta likaendelea kuvuma, na sote watatu tukalisikia.