Maharage ya Kabatini

Shuleni walimwita Mwalimu Pima. Mtoto akimuuliza kwa nini moshi hupanda juu, au chumvi huenda wapi ikishakorogwa majini, hampi jibu. "Pima tuone," humwambia. Walimu wenzake walimtania wakinywa chai: "Huyu hata mumewe alimpima kwanza ndipo akakubali posa." Naye alicheka nao. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika ubaoni, watoto wakinakili, na alijua walichobaki nacho kila walipotoka likizo: patupu.

Mwaka ule darasa la saba likaleta swali lenyewe: mmea ukinyimwa mwanga unakuwaje? Aliyeuliza ni binti mmoja mwembamba aliyelelewa na bibi yake, wenzake wakimwita Rula kwa kuwa hakuachana na rula yake hata uwanjani. Wakapanda maharage kwenye makopo kumi na mawili. Sita wakayaweka dirishani, sita ndani ya kabati la vitabu. Kila asubuhi Rula alipima, wengine wakaandika.

Siku ya tisa darasa zima likapiga kelele. Maharage ya kabatini yalikuwa yamerefuka karibu mara mbili ya yale ya dirishani. Yalikuwa meupe, membamba kama uzi, lakini marefu.

"Mwalimu, kitabu kinasema hudumaa, kumbe kinatudanganya!"

"Msikimbilie kuhukumu. Endeleeni kupima."

Hawakuendelea. Kesho yake mtunza stoo alilitaka kabati lake, akayatoa makopo nje, na kuku wa jirani hawakubakiza kitu. Kisha mitihani ya majaribio ikaanza. Mwalimu alijiambia angeligusia tena lile swali. Hakuligusia.

Kwenye mtihani wa mwisho likatoka: mmea ukiwekwa gizani, hurefuka au hudumaa? Darasa zima likajibu lilichokiona kwa macho.

Matokeo yalipokuja, mwalimu mkuu alimwita ofisini. Mwongozo wa majibu ulikuwa wazi mezani.

"Watoto thelathini na wanane wamekosa swali lilelile. Nilidhani wameangaliziana."

"Hawakuangaliziana. Waliona."

"Mtihani haukuuliza wameona nini, Mwalimu."

Wengi wao alama moja haikuwadhuru. Rula ndiye iliyomkata: alikosa nafasi ya sekondari ya bweni kwa alama hiyohiyo moja.

Bibi yake akaja shuleni. Alikuwa mshonaji, na pini mbili zilikuwa bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Hakuja na matusi.

"Mwalimu, mjukuu wangu anasema alijibu kweli."

"Ni kweli, mama."

"Sasa mbona kakosa?"

Mwalimu akamweleza. Mmea ulioko gizani hujivuta kutafuta mwanga, kwa hiyo siku za mwanzo hurefuka. Baadaye hulegea, hukauka, hufa. Waliotunga mtihani walifikiria mwisho. Watoto waliona mwanzo tu.

"Huo mwisho wewe uliujua?"

"Niliujua."

"Si ungemwambia tu, mwanangu?"

Bibi akaaga kwa adabu, na adabu ile ilimchoma kuliko tusi.

Mwalimu alikwenda ofisi ya mitihani mara mbili na barua mkononi. Karani aliipokea, akaigonga muhuri. "Malalamiko tunapokea, mama. Alama hazibadilishwi."

Nyumbani mumewe, fundi redio, alijaribu kumpoza. "Umewafundisha ukweli. Usijitese."

"Nimewafundisha nusu yake," alisema. "Na aliyeadhibiwa si mimi."

Rula akarudia darasa, akakaa dawati la nyuma. Mwalimu hakuiacha njia yake, ila sasa aliifuata kwa woga. Kila jaribio lilipokwisha aliandika ubaoni jibu la kitabu, pembeni yake walichokiona watoto, na vikipingana walibishana mpaka kengele ilie. Rula alinakili yote bila neno, yeye aliyekuwa hashikiki kwa maswali.

Muhula wa pili, katikati ya ubishi mmoja, ndipo aliponyoosha mkono. Mwalimu alifurahi hata akawanyamazisha wengine.

"Kwenye mtihani tuandike lipi?"

Mwalimu aliutazama ubao, akamtazama binti.

"Andika la kitabu," alisema.

Rula aliandika, akafunga daftari.