Goli la Mwanaidi Lililogandia Hewani

Sisi tuliokulia Misima tulijua mpira ni kitu cha kusikiliza. Siku ya mechi baba alianika betri za redio juani tangu asubuhi, akafunga waya kwenye mpapai, na alasiri ua wetu ukajaa. Mama alichoma mahindi. Mzee Lekishoni, jirani yetu mfugaji, aliwaachia wanawe ng'ombe akaja kusikiliza kasimama kwa mguu mmoja, kaegemea fimbo. Watoto tulibana pumzi. "Anayetaka kukohoa akakohoe mtoni," baba alisema. Mtangazaji akipaza sauti, wazee walianza kuomba dua. Goli likiingia, kuku walikimbilia mihogoni.

Siku hizi tumeendelea, ndivyo tunavyoambiwa. Mwezi uliopita binti yangu Mwanaidi alicheza fainali ya wasichana huko Dodoma. Baba, ambaye sasa macho yake yamepungua nguvu, alipanda basi kutoka Misima mpaka kwangu Korogwe, kavaa kanzu mpya, aje amwone mjukuu wake. Mechi ilionyeshwa kwenye mtandao tu.

"Kaka, huko tuendako hakuna runinga wala redio," alisema mdogo wangu Zawadi, akiiegemeza simu kwenye chupa ya chai. "Kila kitu laivu, kiganjani."

Laivu yenyewe ilitaka kwanza namba ya siri. Zawadi akaisahau. Ilipopatikana, programu ikataka kujisasisha. Kipindi cha kwanza kikaisha tukitazama matangazo ya sabuni.

Hatimaye picha ikaja. Mwanaidi akapokea mpira, akampita beki, akainua mguu. Picha ikaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Baba akaisogelea simu mpaka pua ikakaribia kioo. "Mbona hapigi?"

"Inapakia, baba."

"Inapakia nini? Mwambieni apige."

Simu ikalia mlio wa ujumbe: hongera, binti kafunga. Kiduara bado kinazunguka. Picha iliporudi, wasichana walikuwa wameshakumbatiana.

"Usijali, baba, nitakuwekea marudio," Zawadi akasema.

Baba akarudi kitini taratibu. "Marudio ya nini, mwanangu? Nilitaka nimwombee kabla hajapiga."

Zamani hatukuona mchezaji hata mmoja, lakini mpira ulipokuwa hewani, na sisi tulikuwa hewani nao. Siku hizi naona mpaka jasho la golikipa, na kila ninachokiona kimeshapita.