Amana ya Mitutu Miwili

Sikuwahi kumpiga ndege hata mmoja kwa bunduki ile. Natanguliza jambo hili ili msomaji asidhani kwamba ninalilia shabaha yangu. Kazi yangu ilikuwa kisu. Rafiki yangu alipiga, mimi nikakimbia.

Rafiki huyo alikuwa Mhindi, muuza vipuri vya malori hapa Kisenyi, na ukuta wa duka lake ndio uliokuwa ukuta wa chumba nilichosomeshea watoto Qur'ani. Babu zangu walifika Kampala kwa miguu wakitoka pwani na misafara ya biashara. Babu yake aliletwa na reli. Msikiti wake haukuwa wangu, lakini kibla kilikuwa kimoja. Kila Jumapili, akiwa amefunga duka, tulipanda pikapu yake tukaenda mbele ya Bombo, kwenye mbuga za nyasi, kutafuta kanga na kwale.

Ndege aliyekufa kwa marisau, zile chembe ndogo za risasi, kabla ya kufikiwa na kisu hakuwa halali kwetu sisi wawili. Kwa hiyo mlio ukisikika tu, mimi nilikuwa nimeshaondoka, kanzu nimeikunja kiunoni, na yeye nyuma yangu anapiga kelele.

"Kimbia, Maalim! Roho inatoka hiyo!"

"Piga bawa, Bhai! Kila Jumapili unanipa maiti!"

"Nipige bawa vipi? Unadhani kanga anasimama nimpime kama fundi cherehani?"

Wale niliochelewa kuwafikia tulimpelekea bibi mmoja Mkristo aliyeuza mihogo kando ya barabara. Sisi sote tulimwita jajja, yaani bibi kwa Kiganda. Hakutuuliza tumepata ndege wangapi. Aliuliza, "Leo Maalim amechelewa wangapi?" Akiambiwa wawili, anashukuru, akiambiwa hakuna, ananiangalia kama nimemwibia.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mitutu miwili iliyolala sambamba, ya marehemu baba yake. Yule mzee alikuwa msahaulifu, na mara nyingi alipiga bila kutaja jina la Mungu. Akaona ajisaidie: akampa fundi wa shaba kazi ya kupachika Bismillah kwenye ubavu wa kitako, herufi ndogo nzuri, mahali ambapo jicho lilikuwa lazima lipite kabla ya shavu kukaa. Juu ya herufi hizo mti ulikuwa umelainika na kung'aa, kwanza kwa shavu la baba, kisha kwa shavu la mwana. Rafiki yangu aliiita mama mkwe. "Akizungumza yeye," alisema, "wote wananyamaza." Mkewe alipolisikia jina hilo alimnyima chai siku mbili.

Kuisafisha ilikuwa kazi yangu pia. Tulipotoka mbugani nilikaa barazani, nikaifungua vipande vitatu, nikapitisha kitambaa ndani ya mitutu mpaka nikitazama kwa jicho moja naona duara mbili za mwangaza, safi kama maji. Kisha nikaupaka mti mafuta. Binti yake mdogo alikaa karibu yangu akikinusa kile kitambaa cha mafuta, nami nikimfukuza nacho kwa mzaha, mpaka mama yake amwite. Namshukuru Mungu kwa jioni zile. Nilikuwa na mke mwema, wanafunzi, afya, na kitu kizuri mikononi ambacho hakikuwa changu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi nacho.

Ikaja ile amri ya kuwapa Wahindi siku tisini waondoke nchini. Sina haja ya kuisimulia, walioiona wanaijua. Kila kitu walichokiacha kilikuwa ni cha serikali. Rafiki yangu aliacha duka na vipuri kwenye rafu, akaacha pikapu, na hakulia. Siku moja kabla ya kuondoka aliingia kwangu baada ya adhuhuri, kabeba kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka.

"Vingine vyote wachukue," alisema. "Huyu hapana. Nakuachia amana, Maalim. Mwaka mmoja, miwili, watu watachoka na upuuzi huu. Nitarudi."

Niliipokea kwa mikono miwili nikasema, "Nimeipokea mbele ya Mungu." Nimesoma na kusomesha mlango wa amana mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilijua nilichokuwa ninakisema.

Niliificha darini, juu ya chumba cha darasa. Watoto walisoma chini yake kwa sauti, nami nikiwa nimekaa na fimbo yangu nilijua kwamba mama mkwe yuko pale juu anasikiliza. Kila mwezi niliishusha, nikaisafisha, nikaipaka mafuta, ingawa haikuwa imepigwa. Barua za rafiki yangu zilikuja kila Idi, kutoka nchi ambayo alisema baridi yake inauma meno. Mwisho wa kila barua aliandika mstari mmoja: "Mama mkwe hajambo?" Nami nikajibu, "Hajambo, anakusalimu." Ilikuwa kweli.

Kisha makondo, yaani majambazi wa bunduki, wakazidi mjini, na wengine katika hao walikuwa wanajeshi wenyewe. Serikali ikasema inatafuta silaha. Asubuhi moja Kisenyi ilizungukwa. Malori yalifunga njia zote, na askari wakaanza nyumba ya kwanza upande wa gereji, wakija kwetu nyumba baada ya nyumba. Tulikuwa kama nyumba thelathini mbele yao. Jirani yetu wa ng'ambo, mzee aliyekuwa na gobore la babu yake, kitu cha kutundika ukutani tu, aliwahi kuchukuliwa katika msako wa kabla ya huo. Hakurudi. Nasi tulikuwa na bunduki nzima, yenye kibali cha jina la Mhindi aliyefukuzwa.

Niliwarudisha wanafunzi kwao. Mke wangu alikuwa ameshaishusha.

"Chooni," alisema. "Sasa hivi."

Ilikuwa akili ya kila mtu. Vyoo vya shimo vya Kisenyi vilimeza bunduki nyingi miaka ile.

"Ina jina la Mungu," nikamwambia.

"Basi litoe jina, kinachobaki kiende."

Nikachukua kile kisu changu cha kuchinjia nikakiingiza chini ya shaba. Fundi yule alikuwa amepachika kazi ya kudumu. Ncha ya kisu ikavunjika. Nikajaribu tena, nikaukwaruza mti. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anahesabu nyumba. Akatoka, akarudi na msumeno wa mbao, akauweka mbele yangu.

"Siwezi," nikasema. "Si yangu."

"Baba watoto, mimi na watoto ni amana ya nani?"

Akakishika kitako, nami nikaikata bunduki shingoni, pale ambapo mti unakuwa mwembamba nyuma ya vifyatulio. Ulikuwa mti mgumu, mkavu, wa miaka mingi. Ulilia. Nimechinja mamia ya ndege kwa mkono huu na sikuacha hata siku moja kulitaja jina la Mungu kwanza. Siku ile sikulitaja. Sikujua kama ninachokifanya ni halali, na mtu halitaji jina la Mola wake juu ya jambo asilolijua.

Mitutu, chuma chake na risasi zilizobaki nilizipeleka chooni mwenyewe. Nilisikia zinafika. Nikaosha mikono, nikafagia unga wa mbao, nikakiweka kipande cha kitako kwenye rafu ya misahafu.

Walipoingia walikuwa watatu. Wawili walipanda darini. Wa tatu, mtu wa makamo mwenye alama za chale usoni, alisimama mbele ya rafu, akakichukua kile kipande, akakigeuza huku na huku.

"Shehe, hii nini?"

"Ni jina la Mungu, afande. Limeandikwa juu ya mti."

"Jina nasoma. Mimi nauliza mti." Akaweka kidole mahali pa msumeno, penye rangi ya mbao mbichi. "Hii mti ya bunduki. Bunduki yake iko wapi?"

"Haipo tena," nikasema.

Kule darini wenzake walikuwa wanapiga mateke mabati. Kisha akakigusisha kile kipande kwenye paji la uso wake, akakirudisha, si mahali nilipokiweka mimi, bali rafu ya juu zaidi.

"Jina ya Mungu unaweka chini namna hii? Wewe mwalimu gani?" Akawaita wenzake wakatoka.

Tulisalimika. Nasema alhamdulillahi, na nimeisema kila siku tangu siku ile. Watoto wangu wamekua, nimeona wajukuu. Lakini Idi iliyofuata barua ilikuja, na mstari wake wa mwisho ulikuwa ule ule. "Mama mkwe hajambo?" Nilikaa na kalamu kutoka alasiri mpaka magharibi. Nikaandika, "Hajambo, anakusalimu."

Nilijiambia kwamba barua zinafunguliwa na watu wa usalama, kwamba neno moja lingetuua. Ilikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba hata kama zisingefunguliwa, siku ile nisingeweza kuandika vingine. Nilimdanganya Idi ile, na Idi zilizofuata, mimi ninayewafundisha watoto alama za mnafiki: akizungumza husema uongo, akiaminiwa hufanya hiana.

Utawala ule ulipoanguka na posta, iliyokuwa imesimama kwa vita, ikaanza tena, niliamua kumwomba radhi. Niliandika kurasa tatu. Sikuandika kwa herufi za Kizungu kama barua zangu za zamani. Niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana babu zangu, na kama nilivyomfundisha yeye mwenyewe kwa kidole, kwenye vumbi la pikapu, tulipokuwa tunangoja jua lipungue. Niliona haya kuiweka aibu yangu katika herufi ambazo kila mtu nyumbani kwake angezisoma. Nilitaka ibaki baina yetu sisi wawili. Nilimweleza msumeno, nikamweleza choo, nikamweleza uongo wa kila Idi. Nikamwomba aniandikie neno moja tu.

Halikuja. Baada ya muda, msafiri mmoja akaleta habari kwamba amefariki. Nikamsomea khitima, nikaendelea kungoja, ingawa sikuwa na cha kungoja tena.

Miaka mingi ilipita. Siku moja baada ya adhuhuri mwanamke mwenye mvi, amejitanda mtandio, alisimama barazani kwangu akiutazama ukuta wa lile duka.

"Maalim?" akasema. "Mimi naona wewe mzee sasa."

"Na wewe ni nani, binti yangu, unayeniona mzee?"

"Wewe ulikuwa unanifukuza na kitambaa."

Nikamjua, yule binti mdogo wa rafiki yangu. Nilimkalisha, mke wangu akaleta chai akawa anamshika mashavu kama mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, alichokiokota kabla ya kuondoka, na alikitafuta polepole. Akafungua mkoba akanipa bahasha. Niliutambua mwandiko wangu.

"Hii ilikuja, Baba macho yake yalikuwa yameisha," akasema. "Sukari. Sisi tukajaribu kumsomea. Hakuna mtu. Imamu wa kule amesema herufi anazijua, maneno hayajui, hata kutamka hawezi."

"Hakusoma?"

"Hapana. Aliweka chini ya mto. Alikuwa anacheka, anasema, hii lazima ni habari ya mama mkwe." Akanisogezea. "Mimi nimekuja uniambie. Soma."

Ningeweza kumsomea jambo jingine. Salamu, dua, habari za mvua. Asingejua. Nilivaa miwani nikamsomea kurasa zote tatu, kwa Kiswahili chepesi, na pale asipoelewa nikarudia. Nilipofika kwenye msumeno mke wangu akanipokea, akasimulia sehemu hiyo bila kusoma, kwa kuwa alikuwepo.

Nikaenda kwenye rafu ya juu, nikashusha kile kipande, nikakifungua kile kitambaa cha mafuta. Nilikuwa ninakipaka mafuta kila mwezi miaka yote ile. Nikampa kwa mikono miwili.

"Hiki ndicho kilichobaki katika amana ya baba yako," nikasema. "Naomba radhi kwako, maana kwake nimechelewa."

Alikigeuza. Hakusoma yale maandishi. Alikipeleka usoni, nikadhani atakibusu, lakini alikuwa anakinusa. Alinusa kwa muda mrefu, macho kayafumba, na machozi yakaanza kushuka juu ya shaba.

"Jumapili," akasema.

Hakusema ameniwia radhi, na mimi sikumwomba mara ya pili. Alikifunga katika mtandio wa akiba, akakiweka mkobani, ncha yenye alama ya msumeno ikabaki nje. Tulimsindikiza mpaka kwenye teksi. Niliporudi ndani, nilikuta kitambaa cha mafuta bado kiko juu ya meza. Nilikikunja, nikakiweka kwenye rafu ya juu, mahali palipokuwa pa kile kipande.