Papadi za Harusi ya Shangazi

Mwezi uliopita nilialikwa harusi ya mchana Nairobi, katika ukumbi uliojaa maua ya plastiki, na kijana aliyevaa glavu akaniwekea papadi, ule mkate mkavu na mwembamba wa Kihindi, kwenye sahani. Niliiinua nikaielekeza dirishani. Mpwa wangu aliyeketi kando akaniuliza kama nimeona unywele. Nikamwambia hapana, natazama kama naweza kumwona yeye upande wa pili. Sikumwona. Papadi ilikuwa nene na imetoka kiwandani, na ingawa nilikula kila kitu nilichopewa, akili yangu ilikuwa imeshapanda zake hadi Nyeri.

Tulikaa nyuma ya duka la vitambaa la baba. Kulikuwa na uwanja wa saruji, jiko la mkaa, kamba za nguo, na mwisho kabisa ua wa kayaba wenye miiba ya kutosha kumfunza adabu mtoto yeyote. Ng'ambo ya ua aliishi jirani yetu, mama mmoja wa Kikuyu, na shamba lake la viazi na kabichi. Kwetu kulinuka mvuje na bizari. Kwake moshi wa mikaratusi na maziwa yaliyochemka yakamwagika. Siku Mlima ukijitokeza wazi alfajiri, nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Ba, aliamuru kila kinachohitaji jua kianikwe, pamoja na sisi watoto.

Ba na jirani walipendana kwa mtindo wao. Achari ilivuka kayaba kwenda, viazi vikavuka kurudi. Lakini jikoni mwetu jirani hakuwahi kuingia. Jikoni kulikuwa na miungu yetu kwenye rafu ndogo, viatu viliachwa mlangoni, na aliyekula nyama hakugusa unga. "Bakuli hupita, mguu haupiti," Ba alizoea kusema, na mimi nilidhani hiyo ni sheria ya serikali.

Basi shangazi yangu, kitinda mimba wa Ba, akaposwa na kijana wa Kerugoya. Kwetu harusi haikuanza kwa kadi wala pete. Ilianza siku ya papadi. Wanawake wote wa jamii walikuja, kila mmoja na kibao chake na kijiti chake cha kusukumia, wakaketi uwanjani wakaimba na kusukuma unga wa choroko hadi uwe mwembamba, uone maua ya kanga kupitia kwake. Papadi za harusi hazikununuliwa kamwe. Ya kwanza iliwekwa mbele ya miungu, nyingine zilikwenda na bibi harusi, na mama mkwe alipozitazama alijua msichana huyu ametoka kwa watu au ametoka kwa upweke.

Tatizo ni kwamba watu walikuwa wamekwisha. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na kila familia ya Kihindi ilikuwa ikijiuliza swali moja mezani: tubaki au tuende? Baba alikuwa ameamua kubaki, na aliposema jambo amesema. Lakini wengi walikuwa wameenda, wengine Uingereza, wengine Nairobi tu, huko kwenye maduka makubwa. Baba akamwambia Ba kwa upole kwamba mikono haitoshi, papadi ziagizwe. Siku yenyewe Ba alidamka alfajiri akapima unga kwa kipimo kile kile cha zamani, debe zima, akatia chumvi, pilipili manga, mvuje na magadi, akaukanda na mama yangu, kisha wakautwanga kwa mchi uliopakwa mafuta mpaka ukawa laini kama sikio la mtoto.

"Watakuja," alisema, na akatandika mikeka uwanja mzima.

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa mjane mzee ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, mwingine mke wa fundi cherehani, mjamzito. Walikaa kwenye pembe moja ya mkeka ule mpana na nikaona aibu kwa niaba ya mkeka. Jua lilipanda. Unga wa papadi haungoji mtu. Ukikauka hupasuka pembeni na hakuna dawa. Ba aliugeuza chini ya kitambaa chenye maji, akaugeuza tena, na nikamwona, yeye aliyekuwa akituchapa kwa kulia ovyo, akijifuta macho kwa ncha ya sari. Nilikuwa sijawahi kuogopa vile. Shangazi alijifungia chumbani.

Jirani alikuwa akipalilia. Akasimama kwenye kayaba.

"Cucu," akaita, maana ndivyo alivyomwita Ba, nyanya kwa Kikuyu. "Wale wamama wengine wako wapi?"

"Yote imeenda," Ba akajibu. "Ingine London, ingine Nairobi. Hii unga mimi natupa sasa."

"Ati kutupa? Unga ya harusi?" Jembe likaanguka. "Hapana, Cucu. Kwetu msichana akiolewa tunaitana ngwatio. Kazi ya mmoja tunafanya wote, halafu kesho ni yako. Niko na wamama wa kanisa hapo chini. Ngoja kidogo."

Hawakukawia. Waliingia kwa lango la nyuma, na kwa kuwa hawakuwa na vijiti, kila mmoja alishika chupa ya soda, kama walivyosukuma chapati zao za Krismasi. Ba alisimama mbele ya unga wake mikono kiunoni. Mama yangu aliacha kupumua, nami nikamsaidia.

"Leo nani imekula nyama?" Ba akauliza.

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

"Cucu, nyama na sisi tunaonana Krismasi! Leo ni uji tu."

Ba alijitahidi asicheke akashindwa. Akawaamuru wavue viatu na wanawe mikono hadi viwikoni, na wakatii. Halafu akakata donge la kwanza, lile la papadi ya miungu, lile ambalo kila mtu alijua ni la mkono wake mwenyewe, akaliweka mbele ya jirani.

"Sukuma," akamwambia.

Za mwanzo zilitoka nene kama soli, na Ba aligomba kwa lugha tatu. Kufikia adhuhuri zilikuwa zinapitisha mwanga. Ba akaanzisha wimbo wa harusi, sauti nne kavu za Kigujarati, na wale wanawake wakadaka kiitikio bila kujua wanaitikia nini. Pumzi zetu zilipokwisha wakaimba zao, kisha ngemi zikapigwa, vigelegele vya kwao, hadi wateja wakatoka dukani kuja kuchungulia. Shangazi alifungua mlango wake.

Mama mkwe alikuja kutoka Kerugoya kabla ya harusi, mwanamke mkavu mwenye kunusa makosa. Akainua papadi kwenye mwanga, akatafuta kasoro, akakosa.

"Zimesukumwa na nani hizi?"

"Na wanawake wetu wa hapa," Ba akasema.

"Nyinyi hapa Nyeri mmebaki na wanawake wanne. Nimehesabu mwenyewe."

"Umehesabu vibaya," Ba akamwambia, akamsogezea chai.

Yule mama alipokea chai. Akaila ile papadi, akaomba ya pili, na harusi ikafanyika.

Leo duka si letu, kayaba imeng'olewa pakajengwa nyumba za kupangisha, na Ba na jirani yake wote wametangulia. Vijiti vile sijui viko wapi. Wazee wetu hulalamika kwamba desturi zetu zimeharibiwa na kuchanganyika na watu, nami huwaacha waseme, maana nilikuwapo na wao hawakuwapo.

Baada ya ile harusi ya Nairobi nilisafiri hadi Chaka kumtembelea mke wa mtoto wa jirani, ambaye siku ile alikuwa ndiyo kwanza ameolewa, akisukuma nasi kwa chupa ya soda, na sasa ni cucu mwenye wajukuu. Tulikunywa chai, tukacheka ya zamani. Nikajaribu kumwimbia wimbo wa Ba, nikakwama ubeti wa pili. Yeye hakukwama. Aliuimba hadi mwisho, kwa Kigujarati ambacho hajui hata neno moja maana yake, na hakukosea mahali popote. Nilimwomba aanze tena, polepole, ili mimi, mjukuu wa Ba, nijifunze.